Siku mbili Paris na mama na mtoto: Louvre au Orsay, asubuhi au usiku?

Tandabui

Wakuu habari zenu, na shikamoo kwa wanaostahili.

Naombeni mnipimie jambo. Tunafika Paris Jumatano jioni mwezi wa kumi na tunaondoka Jumamosi alfajiri, kwa hiyo siku kamili ni Alhamisi na Ijumaa basi. Tuko watatu: mimi, mama yangu wa miaka 68 na mwanangu wa miaka tisa. Mama anatembea vizuri na fimbo yake, ila magoti yake na ngazi haviivi. Sote tuna pasi za nje ya Ulaya na hakuna mwenye kibali cha kuishi huko. Tutalala karibu na stesheni ya Gare de Lyon.

Mama ametoa agizo moja: harudi nyumbani bila kumwona Mona Lisa kule makumbusho ya Louvre. Mtoto anataka mambo ya Misri ya kale na panga. Mimi moyo wangu uko kwa wachoraji akina Monet na Van Gogh, na hao naambiwa wako makumbusho ya Orsay.

Nimefikia chaguo nne:

A. Louvre Alhamisi saa tatu asubuhi, mlango ukifunguliwa tu.
B. Louvre Ijumaa jioni, kwa kuwa siku hiyo wanafunga saa tatu usiku.
C. Orsay Alhamisi jioni, na Louvre tuiache kabisa (mama atanuna, lakini tutakula naye vizuri).
D. Zote mbili siku moja, tumalize kazi.

Mngekuwa ninyi mngechagua ipi? Na kuna masharti gani ya mlangoni ambayo mtu hujua akiwa ameshachelewa?

Mchana_Kweupe

A, bila kusita. Louvre ina kazi zipatazo 35,000 zilizowekwa watu wazione, na jumba lenyewe lilikuwa kasri la wafalme kabla ya kufunguliwa kama makumbusho mwaka 1793. Hapo unahitaji miguu ya asubuhi. Jioni mtoto atakuwa analala huku anatembea, mama naye atakuwa ametafuta kila benchi la Paris.

Mpango ni huu: kateni tiketi ya saa tatu kamili, mfike robo saa kabla, mkishapita ukaguzi nendeni mrengo wa Denon moja kwa moja hadi kwa Mona Lisa. Mkimaliza hapo deni la mama limelipwa, kinachobaki ni starehe.

D usiifikirie. Hiyo ni adhabu.

Usiniulize

Mwambieni mama mapema kwamba Mona Lisa ni sentimita 77 kwa 53. Tusije tukapata kesi hapa jukwaani.

Shangazi_wa_Lyon

Marahaba mwanangu Tandabui.

Mchana_Kweupe, huo ushauri wako ndio ushauri wa kila mtu, na ndiyo sababu haufanyi kazi. Wenye tiketi ya saa tatu wote wanakwenda Denon, wote wanapandia ngazi zilezile, wote wanaingia chumba namba 711. Msongamano unaoukimbia unakwenda nao bega kwa bega. Mwenye haraka ya kijana wa miaka ishirini atawahi. Bibi mwenye fimbo hatawahi.

Mimi naishi Ufaransa na huwapeleka wageni wangu Louvre karibu kila wanapokuja. Kwa familia kama hii nasema B, ila si B ya kuingia saa kumi na mbili na kukimbizana na saa. Ingieni mnamo saa kumi jioni. Vikundi vya mawakala vinakuwa vimeanza kutoka, na ninyi mnabaki na muda wa kutosha. Kumbukeni pia kwamba "wanafunga saa tatu usiku" maana yake vyumba vinaanza kuondolewa watu nusu saa kabla. Saa mbili na nusu mlinzi anakuelekeza njia ya kutokea, hata kama umesimama mbele ya kitu ulichosafiria. Na kuingia kwa mwisho ni saa nzima kabla ya kufunga.

Louvre hukaa wazi hadi usiku Jumatano na Ijumaa. Jumanne imefungwa. Orsay yenyewe imefungwa Jumatatu, na usiku wake ni Alhamisi. Kwa siku zako, nyota imekuangukia: Alhamisi usiku Orsay, Ijumaa usiku Louvre.

Sasa masharti, kwa kuwa umeuliza.

Mizigo. Kitu chochote kinachozidi sentimita 55 kwa 35 kwa 20 hakiingii Louvre, na masanduku ya safari hayapokelewi hata kwa kuwekwa tu. Msije mkawaza kupitia hapo mkielekea stesheni. Vipo vikabati vya bure chini ya piramidi kwa makoti na mikoba midogo, vitumieni, kwa sababu kubeba koti la Oktoba mkononi kwa saa tatu kunachosha kuliko kutembea.

Fimbo ya mama inaruhusiwa. Hakikisheni ina mpira chini. Mwavuli mrefu wenye ncha ndio wanaoukataa.

Picha mnapiga, bila flashi. Kijiti cha selfi na stendi ya kamera ni marufuku. Na hili wengi hawalijui: kumbeba mtoto mabegani hairuhusiwi. Mbele ya Mona Lisa utashawishika sana.

Chakula hakiliwi vyumbani. Mkitoka nje ya jumba mmetoka, hakuna kurudi kwa tiketi ileile. Kwa hiyo mtoto ale kabla.

Senti_Tano

Tuongee hela, maana naona kila mtu anakwepa.

Louvre ilikuwa euro 22 kwa kila mtu mzima. Tangu 14 Januari 2026 kuna bei mbili: raia na wakazi wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya (Umoja wa Ulaya pamoja na Norwe, Iceland na Liechtenstein) wanabaki na 22, wengine wote ni 32. Ninyi mko kwenye 32. Chini ya miaka 18 ni bure, awe anatoka popote, ila naye mkatieni tiketi ya sifuri yenye saa yake wakati mnanunua zenu.

Orsay mtandaoni ni euro 16. Alhamisi kuanzia saa kumi na mbili jioni inashuka hadi 12. Mtoto bure vilevile.

Kwa hiyo:
Chaguo A au B pekee: 32 mara mbili, 64.
Chaguo C: 24.
Orsay Alhamisi jioni pamoja na Louvre Ijumaa: 88.

Hiyo 24 ya C ni bei nzuri kuliko zote, na kwa mtazamo wangu Louvre kwa 64 ili mtu aone mchoro mmoja kwa dakika mbili kupitia kioo ni biashara mbaya. Lakini mama ni mama.

Ile kadi ya makumbusho ya Paris, ya saa 48, msinunue. Kwa makumbusho mawili jioni mbili hairudishi gharama yake, na hata ukiwa nayo Louvre bado inakutaka uweke nafasi ya saa maalumu. Watu wengi hudhani kadi ni mbadala wa kuweka nafasi. Siyo.

Mchana_Kweupe

Shangazi, kuhusu asubuhi nimekusoma, ingawa bado naona mtoto wa miaka tisa saa mbili usiku ni mtihani.

Senti_Tano, "kupitia kioo" ni kweli, lakini bila kile kioo leo tusingekuwa na cha kujadili. Mchoro uliibwa mwaka 1911 na fundi aliyewahi kufanya kazi mle ndani, Vincenzo Peruggia, ukapatikana Italia miaka miwili baadaye. Januari 2024 wanaharakati wakaumwagia supu, ikaishia kwenye kioo.

Kalamu_ya_Mkaa

Nimechelewa kufika lakini naona Orsay haijapata wakili, basi nijitolee.

Nachora. Kwa hiyo naangalia mambo mawili ambayo wapiga picha hawayajali: mwanga na mahali pa kukaa. Orsay inashinda kwa yote mawili. Lile jengo lilikuwa stesheni ya treni, lilijengwa kwa ajili ya maonyesho makubwa ya mwaka 1900, likageuzwa makumbusho na kufunguliwa Desemba 1986. Paa ni la kioo, ukumbi ni mmoja mrefu, na ukisimama mlangoni unaliona jumba zima. Hupotei. Louvre hata wenyeji wanapotea, na sitanii: mirengo mitatu, Denon, Sully na Richelieu, kila mmoja na ghorofa zake, na kuna lifti zinazofika ghorofa fulani na kuiruka nyingine.

Unachokitaka wewe Tandabui kiko ghorofa ya tano, nyuma ya ile saa kubwa ya kioo: Monet, Renoir, Degas. Pandeni lifti hadi juu kwanza, mteremke polepole. Magoti ya mama yatakushukuru. Kwa Van Gogh kuna picha yake mwenyewe, kanisa la Auvers, na ule usiku wa nyota juu ya mto Rhône. Msiuchanganye na Usiku wa Nyota mwingine ulioko New York, watu hufika wakiulizia huo na kuondoka wamekasirika bure.

Kuna jambo lingine ambalo naliona mara chache katika nyuzi kama hizi. Watu weusi wamo ndani ya kuta hizo, na wageni wengi wanawapita. Orsay, kwenye Olympia ya Manet, yule mwanamke anayeleta maua alikuwa mtu halisi, mwanamitindo wa wachoraji aliyejulikana kwa jina la Laure. Louvre, kwenye Le Radeau de la Méduse (Chelezo cha Méduse) ya Géricault, anayepunga kitambaa kileleni pa chelezo, kilele cha mchoro mzima, alichorwa kwa mfano wa Joseph, mtu wa Haiti. Hiyo iko Denon kwenye vyumba vya michoro mikubwa ya Kifaransa, si mbali na Mona Lisa, na mita zake ni karibu tano kwa saba. Pia Louvre wana picha ya Madeleine iliyochorwa na Marie-Guillemine Benoist mwaka 1800. Ulizeni siku hiyo kama imetundikwa. Mimi ningempa mama yangu dakika ishirini mbele ya Madeleine kuliko saa nzima ya kusukumana chumba 711.

Hivyo kura yangu: Orsay Alhamisi jioni iwe nguzo ya safari. Louvre iwe nyongeza.

Usiniulize

Kumwambia mama wa mtu kwamba Mona Lisa ni nyongeza. Kalamu wewe ni jasiri.

Tandabui

Hahaha. Wakuu mnanifundisha mengi. Nimeshaifuta D.

Sasa naona kila mtu anaelekea kwenye C na B pamoja, jioni mbili mfululizo. Maswali:

1. Louvre, tukiingia saa kumi jioni Ijumaa, tupite wapi ili mtoto asichoke kabla ya Mona Lisa na mama asipande ngazi mara tatu?
2. Tuingilie piramidi au mlango mwingine?
3. Nikisikia wizi wa mwaka jana na migomo, kuna haja ya kuogopa?

Shangazi_wa_Lyon

Nianze na mlango kwa sababu ni rahisi. Kutoka Gare de Lyon mnapanda metro namba 1, mnashuka Palais Royal – Musée du Louvre bila kubadilisha. Hapo stesheni kuna njia ya chini kwa chini inayowaingiza Carrousel du Louvre, maduka ya chini ya ardhi, na kutoka humo mnafika kwenye ukumbi uleule wa chini ya piramidi. Hamnyeshewi. Kama mnataka kuingia kwa piramidi yenyewe kwa ajili ya picha (ya I. M. Pei, ilizinduliwa 1989), angalieni ubao wa foleni: kuna ya wenye tiketi yenye saa na kuna ya wengine. Watu husimama ya wengine huku tiketi iko mkononi.

Ukumbini, kabla ya chochote, kiti cha magurudumu. Wanaazima bure kwa kuacha kitambulisho. Najua mama atasema yeye si mgonjwa. Mwambieni ni cha kubebea makoti. Akifika katikati ya mrengo wa pili atakaa bila kuombwa, na pia wahudumu wataanza kuwaelekeza kwenye lifti badala ya ngazi.

Kama kuna mwenye ulemavu uliothibitishwa kwa karatasi, yeye na msindikizaji mmoja huingia bure na kwa kipaumbele. Magoti ya uzee peke yake hayahesabiki.

Njia. Hapa nitarefuka kidogo, mnivumilie.

Anzeni Sully, si Denon. Chini kabisa kuna misingi ya ngome ya zamani ya Louvre, kuta za karne ya 12 na handaki lake. Mtoto wa miaka tisa akiambiwa anatembea ndani ya handaki la ngome ya kweli, umempata. Kutoka pale mnakutana na sfinksi mkubwa wa Tanis, jiwe la waridi, amelala peke yake kama mlinzi, na kuanzia hapo ni Misri: makaburi, majeneza, maiti iliyokaushwa, na juu yake yule mwandishi aliyekaa wa Saqqara ambaye macho yake yamewekewa kioo cha mawe na yanakufuata. Hilo la Misri peke yake ni saa nzima na nusu ukimwachia mtoto. Msimwachie.

Venus wa Milo, ile sanamu ya mungu wa kike, yuko Sully hiyohiyo, mtampita njiani.

Halafu Denon. Ninapendelea kwa Mona Lisa saa moja hadi saa moja na nusu usiku. Pana watu, sitaki kudanganya, lakini foleni inasogea na mama atafika kwenye kizuizi cha mbele. Mkishaona, geukeni nyuma. Ukuta unaomkabili Mona Lisa una karamu ya harusi ya Kana ya Veronese, mita 6.77 kwa 9.94, mchoro mkubwa kuliko yote Louvre, na watu mia mbili wameupa mgongo. Mimi huwa nakaa upande huo kuangalia nyuso za watu.

Ile chelezo ya Kalamu iko jirani. Nike wa Samothrace, ile sanamu yenye mabawa, yuko juu ya ngazi za Daru, na zile ngazi ni ndefu, kwa hiyo mama apelekwe kwa lifti au amtazame kutoka alipo.

Huko Richelieu mtoto atadai upanga. Upo: Joyeuse, upanga wa kutawazia wafalme wa Ufaransa, unaohusishwa na Charlemagne. Kama saa imekwenda, chagueni moja, upanga au Mona Lisa mapema. Yote hayo hayatoshi kwa utulivu na mimi sitajifanya yanatosha.

Senti_Tano

Swali la tatu nijibu mimi.

Wizi wa 19 Oktoba 2025 ulikuwa wa vito kwenye ukumbi wa Galerie d'Apollon, asubuhi jumba likiwa wazi. Mgeni wa kawaida hakuguswa. Kinachokuhusu ni kimoja: usimwahidi mtoto mataji ya wafalme hadi uangalie tovuti yao siku ile. Kila wiki wanatangaza vyumba vilivyofungwa, na vyumba hufungwa kwa zamu hata pasipo na wizi, kwa sababu ya upungufu wa walinzi.

Migomo ipo. Juni 2025 wafanyakazi waligoma ghafla watu wakiwa nje wamepanga foleni, Desemba 2025 wakagoma tena. Malalamiko yao ni msongamano na upungufu wa watu, na ukiona chumba 711 unawaelewa. Fungua tovuti asubuhi ya safari, hicho ndicho unachoweza kufanya.

Hatari halisi kwenu ni mifuko. Aprili 2013 walinzi wa Louvre waliacha kazi siku nzima kwa sababu ya wezi wa mifukoni, wengine wakiwa watoto wanaoingia bure. Mkoba wa mama uwe mbele, zipu imefungwa, hasa pale kila mtu ameinua simu juu.

Na tiketi: ticket.louvre.fr, basi. Mitandao ya kuuza "tiketi za kuruka foleni" inakuuzia nafasi ileile kwa bei ya juu, na hakuna anayeruka ukaguzi wa mizigo, hata angelipa mia. Ndugu yangu mmoja aliuziwa na wakala fulani barabarani, karatasi nzuri kabisa, ikakataa kusomeka mlangoni.

Kalamu_ya_Mkaa

Shangazi njia yako nimeipenda, hata mimi nitaitumia.

Naongeza moja kwa Alhamisi. Kama mchana mko huru na mama ana hamu ya kitu chepesi, kuna makumbusho ya Orangerie, ndani ya bustani ya Tuileries. Vyumba viwili vya umbo la yai, ndani yake mayungiyungi ya Monet, kazi nane zinazozunguka kuta. Aliitoa kwa taifa baada ya vita kuu kuisha 1918, ikafunguliwa kwa watu 1927, yeye akiwa amefariki mwaka mmoja kabla. Katikati ya chumba kuna benchi. Mnakaa na mchoro unawazunguka, mama hasogei hata hatua. Wanaomba watu wanyamaze humo.

Kutoka hapo mnavuka mto kwa daraja la waenda kwa miguu, na daraja lenyewe linaitwa Léopold Sédar Senghor, yule rais mshairi wa Senegali. Mnatokea mlangoni pa Orsay. Ni mwendo mfupi.

Mchana_Kweupe hofu yake ya mtoto usiku ni ya kweli, tusiidharau. Suluhisho langu: Alhamisi asubuhi msifanye chochote. Laleni.

Mchana_Kweupe

Hapo sasa umenishinda. Kwa hiyo ushauri wenu wote ni mtu asafiri hadi Paris akalale asubuhi. Sawa. Nabadilisha kura, B na C, kwa sharti la usingizi.

Ila hakuna aliyetaja Jumapili ya bure ya Orsay. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi haina kiingilio, japo lazima uweke nafasi.

Senti_Tano

Anaondoka Jumamosi, mkuu. Na hata angebaki, mimi mwenyewe mpenda vya bure siendi siku hiyo. Euro 12 za Alhamisi usiku zinanunua nafasi ya kupumua.

Usiniulize

Senti_Tano amekataa cha bure. Moderata, uzi huu ubandikwe juu.

Tandabui

Wakuu nashukuru kupita kiasi. Nimeamua hivi:

Alhamisi: kulala. Mchana Orangerie kama mama ana nguvu. Kukaa Tuileries mtoto ale, kuvuka kwa daraja la Senghor, kuingia Orsay saa kumi na mbili jioni kwa ile bei ya 12. Wanafunga saa nne kasorobo, kwa hiyo tutaanza juu na kutoka mnamo saa mbili na nusu.

Ijumaa: Louvre saa kumi jioni kupitia Carrousel. Kiti cha magurudumu "cha makoti". Ngome, sfinksi, Misri, halafu Denon. Upanga nimeuweka kando, nitamwonyesha mwanangu picha kwanza nione kama analia.

Nimemsomea mama maelezo ya Shangazi. Kasema huyo mama wa Lyon ana adabu, na kwamba kiti atakikalia. Ukubwa wa Mona Lisa sijamwambia bado.

Swali la mwisho kabisa, hasa kwa Kalamu: mtoto anapenda kuchora, hatoki bila daftari. Anaruhusiwa kuchora mle ndani au nimwachishe?

Shangazi_wa_Lyon

Mwambie ukubwa mwanangu. Leo.

Na pasi zenu mkae nazo, si picha ya pasi kwenye simu. Tiketi zina majina na wanaweza kukagua.

Kalamu_ya_Mkaa

Anaruhusiwa, na kwangu mimi ndiyo namna bora ya kumfanya mtoto asimame. Louvre na Orsay kote, kwenye mkusanyiko wa kudumu, penseli na daftari dogo havina shida. Wino, kalamu za rangi zinazovuja na rangi za maji vibaki hotelini. Asikae chini katikati ya njia, akae pembeni au kwenye benchi, na asiegemee kitu chochote, hata ukuta, maana huwezi kujua ukuta upi ni wa mwaka gani.

Akikutana na mtu mwenye stendi na turubai anapaka rangi za mafuta, asione wivu. Hao ni wanakili wenye kibali maalumu, na wana sharti kwamba nakala isilingane ukubwa na kazi yenyewe, iwe ndogo au kubwa kwa sehemu ya tano.

Penseli mbili, moja itaanguka. Na kichongeo chenye kisanduku cha kushika uchafu, si wembe. Wembe hautapita ukaguzi.